Wewe Uwasifiaye Wenzako Vitabu, Jipime Mwenyewe

Ndugu msomaji, tazama jambo hili dogo. Ni alasiri, jua limepungua ukali, nawe umeketi kibarazani na kitabu mkononi. Jirani anapita, atoka dukani. Anakusalimu, kisha anauliza: "Kitabu gani hicho? Kizuri?" Nawe wajibu: "Ah, kizuri sana! Kitafute usome." Maneno machache tu. Jirani anakwenda zake, nawe warudi kwenye ukurasa wako, wala huyakumbuki tena uliyoyasema.

Lakini yeye anayakumbuka. Huenda mwisho wa mwezi akatoa fedha aliyokusudia kununua sukari akanunua kitabu kile. Huenda akampa mwanawe. Ameamini neno lako, kwa kuwa wewe wajulikana kuwa ni msomaji.

Makala haya ni yako wewe upendaye vitabu kwa furaha yako tu, si kwa mtihani wala kwa mshahara, kisha ukawapasha wenzako habari zake: kibarazani, garini, baada ya mkutano wa jumuiya, au kwa ujumbe wa simu. Hapa kwetu Tangini, katika mji wa Kibaha, watu wa namna hii wapo, nami ni mmoja wao. Hakuna aliyetuajiri. Twafanya kwa mapenzi. Kazi yenyewe ni njema, lakini hata kazi njema yataka kupimwa, maana afanyaye jambo kwa mapenzi huwa mwepesi kujisamehe.

LILILONIPATA MIMI

Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na sasa nimestaafu. Mpaka leo watu huniita Mwalimu, tena huniuliza habari za vitabu kama waulizavyo mganga habari za dawa. Nakiri kwamba jambo hilo lilinipendeza.

Siku moja alinijia mama mmoja jirani. Mwanawe alikuwa darasa la sita, mtoto mpenda kusoma. Lakini tangu masika ya mwaka ule alikuwa kimya mno, kwa sababu walikuwa wamemzika mdogo wake. Mama alitaka kitabu cha kumchangamsha. Nilikuwa na hadithi moja mpya mkononi, na sura zake za kwanza zilinichekesha sana. Nikamwambia bila kusita: "Mnunulie hiki. Atacheka mpaka basi." Yule mama aliuza kuku wawili, akampa fedha ndugu yake aliyekuwa akienda Dar es Salaam, na kitabu kikaja.

Baada ya majuma mawili akarudi. Hakugomba. Aliketi, tukajuliana hali, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, uliponiambia kitabu kile ni cha kuchekesha, ulikuwa umefika wapi?"

Nilikuwa nimefika ukurasa wa 40. Mbele ya ukurasa ule hadithi hugeuka, na mwisho wake mtoto mdogo wa nyumba ile hufariki. Mwanawe alikuwa ameisoma usiku, peke yake, mpaka mwisho.

Kitabu hakikuwa kibaya. Nilikimaliza baadaye, nikaona ni kazi nzuri ya mtu mwenye huruma. Lililokuwa baya ni neno langu. Nilikuwa nimeuza mbuzi kwenye gunia, wala mimi mwenyewe sikuwa nimelifungua gunia.

MALI BILA DAFTARI

Wazee wetu wafanya biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa na daftari la shule ambamo niliandika majina ya vitabu nilivyosoma, basi. Jioni ile nililitoa, nikawasha taa, nikaanza kuuliza kila jina: Wewe nilikumaliza? Nilimwambia nani habari zako? Nilimwambia nini?

Katika mwaka ule niliandika vitabu 19. Saba kati yake sikuvimaliza, na katika hivyo saba, vitano nilikuwa nimewasifia watu. Viwili nilivisifu kwa kuwa nilipewa bure na rafiki. Kimoja nilikibeza mbele ya watu, nami sikukifungua kamwe; nilikuwa nimesikia tu kwamba ni kibaya. Niliifunga taa yangu na aibu.

Lakini aibu si kitu cha kukaa nacho. Kujisahihisha ni kazi ya watu wakubwa. Mtakatifu Agustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, nchi iitwayo Aljeria siku hizi, alipopita umri wa miaka 70 alivitoa vitabu vyote alivyopata kuandika, akavipitia kimoja kimoja tangu cha kwanza. Alihesabu kazi 93. Na palipokuwa na kosa, au neno lililosemwa kwa haraka, aliandika kwamba hapa nilikosea. Alikuwa mtu aliyesifiwa kote katika Kanisa, naye angaliweza kunyamaza. Alifariki mwaka 430, miaka michache tu baada ya kazi hiyo.

Tena, kwetu hapa, Mwalimu Julius Nyerere alifasiri kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare uhusuo Julius Caesar, na tafsiri ikatoka mwaka 1963, naye akiwa Rais wa nchi. Wengi wetu tungaliridhika. Yeye aliirudia kazi ile, akaisahihisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina Juliasi Kaizari. Kama Rais mwenye shughuli za taifa zima alipata wakati wa kurudia kazi yake, sisi wa kibarazani tutasema hatuna nafasi?

Basi, haya ndiyo maswali ninayojiuliza kila mwisho wa mwaka. Jiulize nawe, na ujibu kweli, maana hakuna akusikiaye.

LA KWANZA: ULIKISOMA?

Swali hili laonekana la kitoto, lakini ndilo liangushalo wengi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 ilitangazwa kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, amepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini kumbuka siku zile: kila mtu alikuwa na neno juu ya vitabu vya Gurnah. Ni wangapi kati yetu walikuwa wamekisoma hata kimoja? Vitabu vyake ameviandika kwa Kiingereza. Kile kiitwacho Paradise kilitoka mwaka 1994, na ilibidi tungoje mpaka mwaka 2022 ndipo kikatoka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, kwa kazi ya mfasiri Ida Hadjivayanis. Mimi nami nilizungumza sana mwaka 2021. Nilikisoma mwaka uliofuata.

Si dhambi kutomaliza kitabu. Kitabu kingine hakikufai, kingine chakushinda, kingine chaliwa na mchwa kabla hujafika mwisho. Lakini sema hivyo. Sema: "Nimefika nusu, na mpaka hapa napendezwa." Neno hili halikupunguzii heshima hata kidogo, nalo laweza kumwokoa mwenzako na hasara.

LA PILI: WASIFU KITABU, AU WAJISIFU?

Sisi watu wa Pwani twajua: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ndivyo ilivyo kwa msomaji. Watu wakishaanza kukuita mjuzi wa vitabu, utashawishika kusoma upesi upesi ili uwe na kipya cha kusema kila juma. Hapo husomi tena, wahesabu. Kurasa zapita machoni kama miti ipitavyo dirishani mwa basi, na ukishuka huwezi kusema uliona nini.

Tena chunguza sifa zako zatoka wapi. Mwandishi ni mtu wa kwenu? Kitabu ulipewa bure? Wote wanakisifu, nawe waogopa kuwa peke yako? Haya yote ni ya kibinadamu. Dawa yake ni kuyasema: "Mwandishi huyu ni rafiki yangu, basi nipunguzie sifa zangu kidogo." Watu watacheka, nao watakuamini zaidi.

LA TATU: WALAANI USICHOKIJUA?

Mwaka 1971 kilitoka kitabu cha kwanza cha Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, kiitwacho Rosa Mistika. Chaeleza habari za msichana aliyelelewa na baba mkali kupita kiasi, na yaliyompata alipokwenda kusoma mbali na nyumbani. Kwa kuwa kilisema waziwazi jinsi wasichana wa shule wanavyoharibiwa, hata na walimu wao, kilipigwa marufuku mashuleni. Miaka ikapita. Kitabu kilekile kikaja kusomeshwa katika shule za sekondari za Tanzania na Kenya.

Wewe mzazi, ungalisema nini mwaka 1971? Labda ungalisema kitabu hiki kisiingie nyumbani mwangu. Huenda ungalikuwa na haki kwa mtoto wa miaka 10. Lakini wewe baba mwenyewe usingalipaswa kukisoma? Maana kitabu kile chamsema baba kuliko kimsemavyo binti. Aliyekikataa bila kukifungua hakupata somo lililokuwa lake.

Sisemi kwamba kila kitabu chamfaa kila mtu. Kuku wawili wa yule mama wamenifunza hivyo. Nasema kwamba swali "Kizuri au kibaya?" halitoshi. Uliza: "Chamfaa nani, na wakati gani?" Kitabu kimoja ni chakula kwa mkubwa na jiwe kwa mtoto. Kitabu kimoja ni faraja mwaka huu na kidonda mwaka jana, kwa mtu yuleyule.

LA NNE: WALA CHAKULA KIMOJA TU?

Fungua daftari lako, utazame vitabu vyako vinafanana namna gani. Mwingine asoma hadithi za upelelezi tu, mwingine za mapenzi tu, mwingine vitabu vya kutajirika tu. Mtu hula ugali kila siku, lakini hula pamoja na mboga.

Jiulize pia kama umevisahau vya kale. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na vitabu vyake vingine vilitoka yeye akiwa kaburini. Kusadikika chake kilitoka mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka 1952. Mara ngapi tumelitaja jina lake kwa fahari, na ni lini tulipomsoma mara ya mwisho? Mimi nilikuta miaka mingi imepita. Nilimrudia, nikagundua kwamba baadhi ya mambo niliyokuwa nikiwahadithia watoto kuwa yamo katika Adili na Nduguze hayamo. Nilikuwa nimeyachanganya na hadithi za bibi yangu. Kumbukumbu nayo hutia maji kama mgema.

LA TANO: KITABU CHAKO KINAKWENDA WAPI?

Kitabu kikishasomwa, chafanya nini nyumbani mwako? Wengi wetu twakipanga juu ya kabati kionekane, kisha mende na mchwa wakawa wasomaji wake wa pili.

Kumbuka jinsi wazee walivyosoma. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, wakati ambapo wajuao kusoma walikuwa wachache mno. Nakala moja iliweza kuwafaa watu wengi: mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza. Na mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakisikiliza redio na kusoma vijitabu vya afya pamoja, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Huko ndiko kusoma: neno latoka kitabuni laingia mikononi.

Basi azimisha vitabu vyako. Lakini azimisha kwa daftari, maana kitabu kisichoandikwa jina la mwazimaji ni kuku aliyefunguliwa sokoni. Na wewe mwenyewe, je, vya watu umerudisha? Mimi nilipochunguza nilikuta viwili vya wenyewe chini ya kitanda changu. Kimoja mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Nilimpelekea mjane wake, naye alikipokea kwa machozi, kwa kuwa jina la mumewe lilikuwa limeandikwa ndani kwa mkono wake mwenyewe.

Tena usisahau maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Hapa Kibaha tunalo Shirika la Elimu, lililoanzishwa kwa msaada wa nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden katika miaka ya 1960, kisha likakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, nalo lina maktaba yake. Jirani akikuuliza habari za kitabu, usimpeleke dukani tu. Mpeleke kwanza mahali ambapo aweza kukifungua bila kuuza kuku.

LA SITA: WATU WA NYUMBANI WASEMAJE?

Swali hili ni chungu, ndiyo maana nimeliweka mwisho. Usijijibu mwenyewe, mwulize mwenzi wako na watoto. Kusoma ni jambo jema, lakini laweza kuwa maficho. Mke anapiga maji kisimani, watoto wanataka kusaidiwa hesabu, nawe umejifunika uso na kitabu. Mke wangu nilipomwuliza alisema hivi: "Wewe wawasimulia watu wa njiani hadithi zote. Sisi humu ndani hujatusimulia hata moja."

Tangu siku ile, baada ya chakula cha jioni, nawasomea kwa sauti kurasa chache. Wajukuu husinzia, lakini mke wangu hasinzii. Yeye hakupata kusoma zaidi ya darasa la nne, nami nimegundua kwamba huona kosa la hadithi kabla yangu. Sasa nisemapo kibarazani kwamba kitabu hiki kina kasoro, mara nyingi ni maneno yake.

NAMNA YA KUANDIKA DAFTARI

Huhitaji kitu kikubwa. Daftari moja la shule latosha miaka kadhaa. Kwa kila kitabu andika mambo matano:

1. Jina la kitabu, la mwandishi, na mwaka kilipotoka.
2. Ukurasa uliofikia. Kama hukumaliza, andika sababu.
3. Jambo moja jema na kasoro moja. Ukikosa kasoro, soma tena. Ukikosa jema, soma tena vilevile.
4. Chamfaa nani, na nani asipewe sasa.
5. Ulimwambia nani, na ulimwazima nani.

Jambo hili la tano watu wengi huliruka, nalo ndilo lenye faida kuliko yote. Maana ukijua uliyemwambia, wajua wa kumrudia ikiwa ulikosea.

Mimi nilirudi kwa yule mama. Nilimwambia: "Mama, nilikuwa nimefika ukurasa wa 40 tu. Nisamehe." Nilitaka kumlipa fedha ya kuku wake, akakataa. Kisha akasema jambo nisilolitazamia. Alisema mtoto alilia usiku ule, na asubuhi yake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alilitaja jina la mdogo wake. Sikuijua furaha wala huzuni ya jambo lile niiweke wapi. Sikuthubutu kujipa sifa, maana sikulitenda kwa kujua. Kitabu kilifanya kazi yake. Mimi sikufanya yangu.

Mtoto yule sasa yu sekondari. Likizo iliyopita alikuja barazani kwangu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Akatazama kitabu nilichoshika, akauliza kama waulizavyo wote: "Kizuri?" Kisha akaongeza upesi: "Umekimaliza?"

Nilimwambia bado kurasa 60. Akasema: "Basi nitarudi Jumamosi."

Ndugu msomaji, Jumapili hii baada ya chakula, tafuta daftari lako. Kama huna, nunua. Andika vitabu vitatu ulivyowasifia watu mwaka huu, na mbele ya kila kimoja andika ukurasa uliofikia. Usimwonyeshe mtu. Halafu, kama yuko mmoja ambaye yafaa umrudie, vaa viatu uende kabla jua halijatua.